Maziwa Kabla ya Kupimwa

Papa Kasereka tumemzika wiki hii. Nilifika kwenye kilio mapema, kabla viti vya plastiki havijajaa, nikakaa na akina mama upande wa jiko, mahali ambapo habari za marehemu hupikwa pamoja na maharagi. Mmoja wao, jirani ambaye sikumfahamu, alikuwa akichambua mchele kwenye ungo. Akasema bila ubaya wowote, kama mtu anayesema mvua inakuja: “Muzee alikuwa mutu muzuri. Ni pombe njo ilimumaliza.” Wenzake wakaguna kukubali. Nikaweka chini kisu nilichokuwa nakatia kitunguu. “Papa Kasereka hakunywaka pombe,” nikasema, na sauti yangu ilitoka kali kuliko nilivyotaka. Waliniangalia kwa huruma, ile huruma ya msibani ambayo humwacha kila mtu aseme lake, kisha wakarudi kwenye mchele. Nimebishana juu ya jambo hili kwa zaidi ya miaka ishirini, kwenye harusi, sokoni, hata mlangoni mwa kanisa, na sijawahi kushinda hata mara moja. Basi ngoja niuandike mwaka ule mzima kama nilivyouona. Karatasi angalau haitanikatiza.

Ulikuwa mwaka uliofuata ule ambao lava ilipita katikati ya Goma. Watu walikuwa wanajenga upya juu ya mawe ambayo chini yake bado yalikuwa na uvuguvugu, na kila nyumba ya mbao ilitaka mlango, kitanda, kabati. Mimi nilikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, mwenye mdomo mrefu na mikono mizuri, na mikono ndiyo iliyoniingiza kwenye atelie, ile karakana ya samani ya Majengo, kupiga msasa na kupaka verni, yaani vanishi. Jinsi nilivyofika pale haina maana sana. Mbao zililetwa kwa chukudu, yale magurudumu mawili ya mbao yanayosukumwa kwa mguu, zikipiga kelele juu ya mawe tangu mbali, na waseremala walizipokea uani, kwenye jua na upepo. Lakini verni haikupakwa uani. Goma ina vumbi jeusi la volkano, jepesi, lenye makali, na likigusa verni mbichi halitoki tena, kabati linabaki na mikwaruzo kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Kwa hiyo tulikuwa na chumba cha verni, na sifa ya chumba hicho ilikuwa moja tu: hakuna hewa iliyoingia. Madirisha tuliyaziba kwa vipande vya godoro. Mlango tuliufunga kwa kitambaa kilicholoweshwa maji, na sakafu tuliimwagia maji pia ili vumbi lilale. Kisha Papa Kasereka, mkubwa wetu wa kazi, alichanganya verni na yale maji makali ya kuiyeyushia, akajaza pistole ya kupulizia, akafanya ishara ya msalaba, akaanza. Harufu ilikuwa tamu. Hilo watu hawaniamini, lakini ilikuwa tamu, ilikuingia kwanza machoni halafu kichwani, na baada ya muda ulijikuta unatabasamu peke yako.

Papa Kasereka alikuwa mtu wa upande wa Butembo, Mkatoliki wa damu, rais wa shirika, yaani kile kikundi cha majirani wanaosali pamoja nyumba kwa nyumba. Pombe hakuigusa. Hata kasiksi, ile ya ndizi ambayo wengi wetu tuliihesabu kuwa chakula, yeye aliipitisha kwa jirani bila kuinusa. Kinywaji chake kilikuwa maziwa, na ndicho kilikuwa chetu sote, kwa sababu kila mtu anayefanya kazi ya rangi katika mji huu anajua kwamba maziwa huosha kifua. Patron wetu, mwenye atelie, alijua hivyo pia. Hakuwahi kutuletea kitambaa cha kufunga puani, lakini maziwa hayakukosekana: mama mmoja kutoka upande wa Masisi alikuja nayo kwenye bido, yaani dumu, la njano, na mchana tulikaa uani na vikombe vyetu, bugali katikati, sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani kutoka soko la Kituku, waliokaangwa mpaka wakakauka, na kila kitu, bugali, samaki, maziwa yenyewe, kilikuwa na ladha ya verni. Tulikula tukicheka. Nilidhani ni furaha, na nyingine ilikuwa furaha kweli, sitaki kumnyang'anya binti yule kila kitu alichokuwa nacho.

Mwaka ule ndipo mikono ya Papa Kasereka ilipoanza kutetemeka. Mwanzoni asubuhi tu. Kisha akaanza kutia chumvi mara mbili, kuuliza swali ulilokwisha kumjibu, kucheka katikati ya sala. Siku moja nilikuwa napiga msasa nyuma ya ukuta wa mbao wa ofisi ndogo ya Patron, nikamsikia Mama Kavugho, mke wa Papa Kasereka, amekuja kulalamika. “Patron, mwenye kumupatia bwana yangu pombe ni nani? Anarudia nyumbani anacheka peke yake. Jana alipita mulango ya kwetu, akaenda kugonga kwa jirani.” Patron akajibu kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya: “Mama, hapa tunakunywaka maziwa tu. Labda uulize kwenye anapitaka akitoka hapa.” Nikasikia kiti kikiburutwa, kisha Mama Kavugho akilia kwa sauti ndogo ya mtu asiyetaka kusikika. Muda si mrefu shirika likamwambia Papa Kasereka apumzike kidogo na urais. Hakuna aliyelitaja neno ulevi mbele yake. Alirudi kazini siku iliyofuata, akaniita kwa jina, akaniambia tu: “Furaha, watu banazani ninakunywaka pombe.” Akaziba madirisha, akaanza kazi.

Wakati huo ndipo Dokta Solange alipokuja. Alikuwa kijana, karibu rika langu, ametumwa na masomo yake kutafuta wafanyakazi wanaovuta harufu kama zile, na viatu vyake vyeupe vilikuwa vyeusi kabla hajamaliza kutusalimia. Nilimcheka viatu, kisha nikampenda kwa sababu alikaa chini, juu ya mbao, akala bugali yetu bila kukunja uso, akatueleza. “Hii harufu inaingia kwa pumuzi, inaenda mu damu, inapita mu kichwa, halafu mwili inaitoa kwa mukojo. Lakini haikawii. Mukipumuzika siku moja, mu mukojo inaisha. Yenye iliharibu mu kichwa, ile inabakia.” Alikuwa na rafiki katika maabara huko Uganda ambaye angeweza kupima mikojo yetu bila malipo. Alichotaka kilikuwa kidogo: Ijumaa jioni, tukishatoka kwenye chumba cha verni, kila mtu ajaze chupa yake ndogo kabla hajaenda nyumbani. “Na siku ile musikunywe pombe,” akaongeza, “isituvurugie mambo.” Papa Kasereka akauliza: “Dokta, hiyo mashini ya kupima inaweza kujua kama mutu si mulevi?” Dokta akamtazama mikono iliyokuwa inacheza juu ya magoti. “Itaonyesha kama verni njo inakusumbua, papa. Na mimi mwenyewe nitaenda kusema.” “Hata mbele ya padri?” “Hata mbele ya padri.” Sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukifunguka namna ile.

Sasa fikiria mtu huyo, na Ijumaa hiyo. Neno alilolishika katika yote aliyoambiwa lilikuwa lile la pombe. Mashine itamtafuta mlevi, na mlevi mkojo wake ni wa njano nzito, unanuka, kila mwanamke aliyewahi kufua shuka za mlevi anajua. Basi asubuhi akatukusanya. “Leo chumba kinafungwa. Hatupulizi. Tutapiga musasa hapa inje, tupate hewa. Mutu akienda kwa munganga anaoga kwanza, haendi na uchafu.” Waseremala wakafurahi, maana wao walikuwa na hofu yao: nani alijua kama Patron hatamfukuza atakayeonekana mchafu? Mama wa Masisi aliitwa mapema, bido lake likamalizika, likaletwa la pili. Tulikunywa maziwa, tukanywa maji, tukakaa kwenye upepo siku nzima, tukienda nyuma ya choo kila mara na kurudi tukitaniana. Jioni Dokta alipokuja kuchukua chupa, zilikuwa zimepangwa juu ya meza ya seremala, zinang'aa, unaweza kusoma gazeti kupitia kwazo. Papa Kasereka aliiweka yake mbele ya zote. Nami nilijivuna, nasema kweli, nilijivuna kwa ajili yetu, tulikuwa tumempokea mgeni kwa heshima. Dokta alizitazama, akasita kidogo, lakini giza lilikuwa linaingia na gari lilikuwa linamngoja, akazitia kwenye sanduku la barafu.

Majibu yalikuja baada ya majuma kadhaa. Patron ndiye aliyeyapata kwanza, kwa simu, na akayatangaza uani kwa moyo mweupe kabisa: hakuna kitu, tuko safi wote, kama watu ambao hawajawahi hata kuona verni. Tulipiga makofi. Papa Kasereka hakungoja mtu amsemee. Jumapili ile ile, shirika lilipokuwa limekusanyika kwenye nyumba ya jirani na viti vimepangwa hadi mlangoni, alisimama baada ya sala, akatangaza mwenyewe kwamba amepimwa na ameonekana safi. Nilikuwepo, alikuwa ameniita niwe shahidi. Watu walitabasamu, mtu mmoja akasema “Mungu asifiwe”. Kisha rais mpya, mtu mpole, akauliza lile swali ambalo mtu yeyote mwenye akili angeuliza: “Dokta alitafuta nini, papa?” “Alitafuta verni.” “Na haiko?” “Haiko hata kidogo.” Nikaona uso wa Mama Kavugho ukianguka kabla ya wa mumewe. Kama si verni, basi ni kile walichokuwa wanasema. Hakuna aliyelitamka, walianza wimbo, na Papa Kasereka akaimba nao akiwa bado anatabasamu. Maana yake ilimfikia tukiwa njiani kurudi. Alisimama juu ya mawe ya lava, akaniuliza: “Furaha, nimefanya nini?” Nilimshika mkono, ukatetemeka ndani ya wangu mpaka kwake.

Dokta Solange alipofika na kuambiwa juu ya maziwa na msasa wa uani, alikaa juu ya mbao akacheka, na kicheko kikageuka kuwa kitu kingine, akafuta macho kwa mkono wenye vumbi. Hakumlaumu mtu. Alisema tutarudia. Na tulirudia, safari hii vizuri: siku nzima ndani ya chumba, madirisha yamezibwa, hakuna maziwa. Jioni mkojo wa Papa Kasereka ulikuwa mzito na mweusi kidogo, naye aliona aibu sana hata akaifunga chupa ndani ya leso kabla ya kunipa mimi nimpe Dokta. Niliomba ruhusa nikamsindikiza mwenyewe mpaka Bunagana, kwenye mpaka wa Uganda. Tulipita Rumangabo tukiwa tumebanana na magunia ya viazi, sanduku la barafu juu ya magoti yangu, sikukubali kuliweka chini. Mpakani mtu wa forodha alifungua, akatazama, akatuuliza ni bidhaa gani. Dokta akamwambia. Akamwita mwenzake, mwenzake akamwita mkubwa wao, wakabishana kama mkojo ni mali inayotozwa ushuru au ni mzigo wa mtu binafsi, na ningecheka kama siyo hofu ya barafu kuyeyuka. Walikuwa bado wanabishana milio ya risasi iliposikika upande wa vilima. Kizuizi kikashushwa. Watu waliokuwa wanavuka wakarudi mbio na mabeseni kichwani, na afisa akatuambia, kwa adabu, kwamba mpaka umefungwa. Hadi lini? Akainua mabega.

Tulingoja kwenye kibanda cha mama mmoja aliyeuza chai, kesho yake pia. Alitupa viazi vya kuchemsha na chumvi, na kila lori lililopita aliuliza kwa niaba yetu. Barafu iliyeyuka. Katika Bunagana yote hakukuwa na barafu nyingine, nilitembea kila duka kuuliza, walinionyesha soda za moto. Mwishowe Dokta alifungua kifuniko, akanusa, akakifunga. “Imekwisha,” akasema. Tulienda nyuma ya kibanda, tukazimwaga chupa moja moja kwenye majani. Ile ya kwenye leso aliniachia mimi. Nakumbuka nilitaka kumpigia mtu kelele, nikatafuta nani: afisa wa forodha? Waliokuwa wanapigana, ambao sikuwajua hata kwa uso? Barafu? Nilimwaga, nikaikunja leso, nikaiweka mfukoni. Mwezi uliofuata muda wa masomo ya Dokta uliisha, rafiki yake akahama maabara, na mara ya tatu haikuwepo.

Alituachia shauri moja, tufungue madirisha. Patron alikubali, na ninamshukuru kwa hilo. Tukatoa vipande vya godoro, upepo wa ziwa ukaingia, na kwa siku nzima nilipumua ndani ya chumba kile kama mtu. Kabati la kwanza lililotoka, la bibi harusi, lilikuwa limemwagikiwa weusi toka juu mpaka chini. Patron alilitazama, akaenda ofisini kwake akafunga mlango. Aliyerudisha vipande vya godoro kwenye madirisha ni Papa Kasereka mwenyewe. Mikono haikumtii, vilidondoka, akaviokota, vikadondoka. “Papa, acha,” nikamwambia. Akasema: “Mutoto wa watu anaolewa na kabati ya vumbi? Hapana, Furaha.” Nikamsaidia kuviziba. Ningefanya nini? Kabla ya mwaka kuisha alikuwa hawezi tena kushika pistole, akapewa kulinda mbao, kisha akapotea njiani kwenda kazini, na Patron akamwambia abaki nyumbani. Watu walisema Patron amemvumilia sana mlevi yule. Nami niliondoka mwaka mpya ulipoanza, nikaenda kuuza vitenge, ambavyo harufu yake haimdhuru mtu.

Haya yote niliyawaza kwenye kilio, kitunguu kimenikaukia mkononi. Kisha jeneza likaletwa, wakaliweka sebuleni, na kabla sijaliona nikalisikia puani. Harufu ile tamu. Nilitoka jikoni nikasukuma watu mpaka dirishani, lilikuwa limefungwa kwa sababu ya vumbi la barabara, nikalifungua. Paluku, mwana mkubwa wa marehemu, akaja taratibu akalifunga tena. “Pole, mama Furaha. Verni haijakauka muzuri.” Alikuwa amelipaka mwenyewe, kwenye atelie yake, chumba kimezibwa kama baba yake alivyomfundisha kabla hajasahau. Akapitisha kiganja juu ya kifuniko bila kukigusa. “Angalia. Vumbi haiko hata kidogo.” Halikuwepo. Lilikuwa jeneza zuri kuliko yote niliyowahi kuona, na kiganja kile kilikuwa kinatetemeka.

Nilimvuta nje, nyuma ya turubai, nikamwambia kwamba Dokta Solange tunaandikiana mpaka leo, sasa yuko ng'ambo ya mpaka, anaweza kumpima. Nilitegemea atakataa. Hakukataa. Aliniambia siku hizi naye anapita mlango wa kwake, na mke wake ameanza kumnusa mdomo akiingia. “Nipeleke, mama. Waone kama siko mulevi. Ile siku nitapumuzika kwanza, nitakunywa maziwa, nitafika kule safi.” Nikamshika mabega yote mawili. Nikamweleza kila kitu, ya chupa zilizong'aa mezani, ya shirika, ya Bunagana, nikamwambia aende mchafu, aende moja kwa moja kutoka kwenye chumba cha verni, maziwa asiyaguse. Alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, akiitikia kwa kichwa, na katikati akacheka kidogo bila sababu. “Ndiyo, mama, nimesikia,” akasema. Kisha akaniuliza itakuwa siku gani, ili amwambie mapema mama wa maziwa amuwekee.